Vikombe vitatu mezani

Jumamosi iliyopita niliitwa Kirumba kuzungumza na wauza kahawa wa Mwanza, wa vijiweni na wa migahawani, pamoja na wakulima wachache waliokuja kutoka Muleba na Tarime. Walioshindwa kufika wameniomba maneno yangu. Nayaweka yote kama nilivyoyasema, pamoja na mzee mmoja wa Mlango Mmoja aliyenikatiza kila alipojisikia.

Mwadila, ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu. Dada zangu mliofunga vibanda mapema mje kunisikiliza, asanteni; najua Jumamosi jioni ndiyo saa ya kuuza.

Mbele ya kila mmoja kuna vikombe vitatu. Kimoja kina doa jekundu chini ya kitako, kimoja doa la buluu, kimoja hakina doa. Msigeuze! Wewe kijana wa pale nyuma, nimekuona. Onjeni kidogo kidogo, kisha mviache vipoe, tutavirudia. Kahawa ikiwa ya moto sana inajificha. Ikipoa inasema yote, mazuri na aibu zake.

Ndiyo, haina sukari. Ndiyo, haina tangawizi. Mnaniangalia kama mtu aliyewapa sato bila chumvi. Nivumilieni.

Nijitambulishe, msije mkadhani mmeletewa mtaalamu wa makaratasi. Nimezaliwa Muleba, mkoani Kagera, jirani na Bukoba, kwenye kibanja chenye migomba na mibuni iliyochanganyika hata mgeni hajui mmoja unaishia wapi. Hapa Mwanza nimekaanga kahawa miaka kumi na minne. Nilianza na sufuria na mwiko uani, mpaka mama mwenye nyumba akanipa siku saba: moshi uondoke au niondoke mimi. Niliondoka na moshi wangu.

Sasa niwaulize. Mtu akisema "kahawa ya Tanzania", amesema nini?

Mtu akikuambia "nina samaki wa Mwanza", utamuuliza: sato au sangara? Furu au dagaa? Mbichi, wa kubanika au mkavu? Nenda pale Mwaloni umwambie mama achanganye dagaa na sangara kwenye beseni moja, aviite samaki, auze bei moja. Atakuuliza kama umeamka salama. Lakini kahawa je? Kahawa tunaifanyia hivyo hivyo kila siku, na wala hatushtuki.

Tuanze na mti. Kuna arabika na kuna robusta. Msidhani ni mtoto mzuri na mtoto mbaya wa mama mmoja. Ni mimea miwili tofauti. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mtoto humfanana mama. Inapenda ubaridi na mwinuko. Robusta haijichavushi, lazima ipate chavua ya mti mwingine, na inastahimili joto la maeneo ya chini. Kafeini ya robusta ni kama mara mbili ya arabika: arabika ina asilimia 1 na kitu, robusta inafika 2 na kupita. Walinzi wa usiku wa mji huu wanalijua hilo bila kupimiwa maabara.

Na nani alitangulia hapa? Arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki, kwanza Bagamoyo, mbegu zikitoka kisiwa cha Réunion, kisha ikapanda hadi Kilema, mlimani Kilimanjaro, miaka ya 1890. Robusta hawakuileta wao. Wazungu wa kwanza walipofika magharibi ya ziwa letu, walikuta Wahaya wanaitafuna.

Ndiyo, wanaitafuna. Nimewaona waliocheka. Hebu niwapeleke kwa bibi yangu.

Bibi alichuma matunda yangali ya kijani, akayachemsha na majani yenye harufu ambayo mimi sikuyajua, na wala hakutaka niyajue. Akayaanika juani, akamalizia kwenye moshi wa jikoni. Yakikauka yanakuwa meusi, magumu, yenye mikunjo kama uso wake. Hiyo ndiyo akamwani. Mgeni akifika, kabla ya maji, kabla ya habari za safari, aliletewa kikapu kidogo chenye akamwani ndani. Unaweka moja mdomoni, unatafuna taratibu mkizungumza. Ganda ni chungu, kisha linakuja tamu la nyuma, kisha ulimi unachangamka. Asiyeletewa akamwani alijua hakukaribishwa.

Wazee walipofunga undugu wa damu, tunda moja lilipasuliwa, punje mbili za ndani zikagawanywa, kila mmoja akala yake ikiwa na damu ya mwenzake. Angalieni tunda la kahawa: punje mbili zimelala tumbo kwa tumbo. Mara chache tunda huzaa punje moja tu, ya mviringo kama maharage madogo. Kwenye biashara inaitwa PB, yaani peaberry, inachambuliwa peke yake, na Wamarekani wanaisaka kwa jina la Tanzania. Bibi yangu aliitupa. Alisema, "Hii haina ndugu." Angejua bei yake leo, sijui kama angebadili msimamo. Nadhani asingebadili.

Kwa hiyo kahawa ya upande wetu wa ziwa ilikuwa na heshima kabla haijawa na bei. Lishikeni hilo, maana ninakwenda kuwasimulia jambo lililoniuma.

Kule Japani, kahawa yetu inauzwa kwa jina moja: Kilimanjaro. Wana kanuni za majina yanayoandikwa kwenye pakiti, na kanuni hiyo inasema Kilimanjaro ni arabika iliyolimwa Tanzania. Tanzania yote! Arabika ya Mbinga, karibu na Ziwa Nyasa, ambayo haijawahi kuuona mlima ule hata kwenye kalenda, ikifika Tokyo inaitwa Kilimanjaro. Ya Mbozi, Kilimanjaro. Na ukichanganya, mchanganyiko ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo, unaruhusiwa kubeba jina la mlima.

Lakini kanuni hiyo ina mkia. Nausema polepole. Arabika yote ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba.

(Hapo ukumbi ulinyamaza. Kisha mzee wa Mlango Mmoja akauliza, "Tumewakosea nini hawa?")

Mzee wangu, nami niliuliza hivyo hivyo. Nilikasirika wiki nzima. Kisha hasira ikapoa, kama hivyo vikombe, nikabaki na swali jingine: walionja nini? Sijakaa kwenye vikao vyao, kwa hiyo nisiwasemee. Lakini uwanja wa nyumbani kwetu ninaujua, na hapo naweza kusema.

Sikilizeni namna hali ya hewa inavyoingia kikombeni. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Upepo unavuka maji kwenda magharibi, unabeba unyevu njia nzima, ukifika Bukoba unautua. Bukoba inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi hapa Mwanza tunapata kama nusu ya hiyo. Nzuri kwa migomba, nzuri kwa mibuni. Kwa kuanika je?

Mlimani na kusini, arabika iliyotunzwa humenywa siku ileile ilipochumwa. Ganda jekundu linatoka, punje zenye utelezi zinachachushwa, zinaoshwa, ndipo zinaanikwa kwenye vichanja. Zimevuliwa koti, zinakauka upesi. Sisi Kagera tunaanika tunda zima na ganda lake. Ndiyo kahawa ya maganda. Inachukua wiki mbili, tatu, hata zaidi mvua ikichokoza. Wiki tatu uwanjani! Kuku anapita, mbuzi anapita, mtoto anakimbilia mpira, mvua inadondoka saa nane mchana mama akiwa shambani. Mkulima akianika kwenye udongo mtupu, kahawa inanywa udongo. Kisha mtu wa mbali anaonja na kusema, "Kahawa ya huko ina ladha ya udongo," kana kwamba mti ndio uliozaa udongo.

Kwa nini basi mtu aanike chini? Uvivu? Nisikilizeni vizuri, maana hapa watu wa mjini huwa tunahukumu haraka.

Kaka mmoja wa Muleba, yuko hapa safu ya pili, alinijibu swali hilo kwa swali. Alisema: "Mimi nichume nyekundu tupu, ninunue wavu, nijenge kichanja, nigeuze mara nne kwa siku. Jirani akwanyue tawi zima, mbichi kwa mbivu, aanike barabarani. Wote tukifika kwenye mizani tunamwagwa kwenye rundo moja, bei moja. Nani mjinga kati yetu?"

Nilikaa kimya. Ninyi mngemjibu nini?

Na kuna butura. Wahaya hapa wanalijua neno hilo, wengine niwaeleze. Mibuni ikiwa bado na maua, ada ya shule imefika, mtoto amerudishwa nyumbani. Anakuja mtu na fedha mkononi, ananunua maua. Yaani mavuno yajayo, kwa bei ya leo, na bei ya leo ni ya mwenye njaa. Inakatazwa, viongozi wanaipigia kelele kila msimu, lakini mwalimu wa zamu hangoji kahawa iive. Aliyenunua maua atachuma lini? Mapema, kabla mwenye shamba hajageuza mawazo. Kwa hiyo ule ukakasi unaokwaruza ulimi, ule unaosema "kahawa hii mbovu", mara nyingine ni ada ya kidato cha pili.

Inachukua kama kilo tano au sita za matunda mabivu kupata kilo moja ya buni safi. Hesabuni vidole vilivyogusa kilo moja.

Sasa nikiri na langu, msije mkaona ninalaumu tu wengine. Mwaka wangu wa tatu nilipata mnunuzi, mwenye hoteli, mtu wa kulipa kwa wakati. Nikaenda nyumbani, nikasimamia kila kitu. Nyekundu tupu. Vichanja. Nilizifunika kila mvua, usiku nililala sikio moja likiwa juu ya bati. Magunia sita mazuri, nikayaleta Mwanza. Stoo niliyopanga ilijaa, mwenzangu mmoja akaniambia, kaka, yalaze kwangu siku mbili tu, kuna nafasi.

Mwenzangu huyo anauza dagaa.

Mnacheka! Ndugu zangu, kahawa mbichi ni kama godoro la sponji. Inanyonya harufu ya chochote kilicho jirani: mafuta ya taa, sabuni, viungo, diseli. Siku mbili zikawa nne. Nilikaanga ya kwanza nikiwa na mafua, sikusikia kitu. Mnunuzi aliweka pua kwenye kikombe, akaniangalia, akaweka pua tena. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Hii ni ya kunywa au ya kuungia ugali?"

Nilirudishiwa magunia matano na nusu. Nusu iliyobaki, nadhani paka wa hotelini aliipenda. Tangu siku hiyo, mtu akileta hata pakiti ya sambusa kwenye stoo yangu, namtoa nayo nje.

(Mzee: "Ungeweka tangawizi!")

Mzee wangu, ndiko ninakokwenda, ila umefika kabla yangu. Subiri kidogo.

Kwanza tutembee nchi, haraka kidogo, kwa sababu saa haingoji.

Kilimanjaro mnaijua. Kihamba cha Mchaga ni ndugu wa kibanja cha Mhaya: migomba juu, mibuni chini, maji ya mfongo, mfereji wao wa asili, yakipita pembeni. Watu wale walianza kujipanga mapema. Chama chao cha wakulima wa kahawa cha 1925 ndicho kilichozaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kahawa yao, ikitunzwa, ina adabu: hakuna kinachopiga kelele, utamu na uchachu vimekaa pamoja. Lakini mibuni mingi kule ni mizee, ugonjwa wa chule buni, unaooza matunda, umewatesa, na ardhi imegawanywa hadi mtoto wa tatu anarithi ukingo wa mfereji. Siku hizi arabika nyingi ya nchi hii inatoka kusini, si Moshi. Wangapi mlilijua hilo? Mikono mitatu. Nilitegemea miwili.

Kusini ni Mbinga, Mbozi, Rungwe, Ileje. Mbinga ndiko Wamatengo wanakochimba ngoro, mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko kama sega la nyuki, nyasi zikifukiwa kwenye kuta zake, mvua inashuka mlima bila kubeba udongo. Nimefika mara moja tu, kwa basi, na mgongo wangu unaikumbuka safari kuliko mimi. Kahawa yao inanijia na harufu ya maua na uchachu wa machungwa. Arusha na Karatu, upande wa Oldeani, wana mashamba makubwa. Kigoma wana arabika safi ambayo watu wa Kigoma wenyewe hawaijui. Usambara nitawaachia Wasambaa waje wajisemee.

Nimetaja uchachu, na nimeona nyuso. Kwa Kiswahili cha mtaani, kitu kikichacha kimeharibika. Maziwa yamechacha, mchuzi umechacha, mwaga. Kwa hiyo ukimwambia mtu kahawa hii ina uchachu mzuri, anaisogeza mbali. Lakini nani hapa hapendi ukwaju? Nani hapendi ubuyu, pesheni, embe changa na pilipili? Huo wote ni uchachu. Tatizo ni kwamba kwenye kahawa tumejipa neno moja tu: chungu. Kahawa chungu. Basi. Ndimi zetu zinajua tofauti ya sato wa Ukerewe na wa bwawani, halafu kwenye kahawa zinafunga duka. Naomba leo muazime maneno kutoka jikoni na sokoni. Semeni ukwaju. Semeni zambarau. Semeni karanga, semeni gunia lililolowa, semeni majivu. Ukishaita ladha kwa jina, hutauziwa nyingine kwa jina hilo.

Tarime. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwenye kahawa yupo. Mama, nyanyua mkono. Huyu mama ana mibuni ya arabika kule juu, kwenye vilima vya kuelekea mpaka wa Kenya. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilijiandaa kunywa kahawa ya Tarime nyumbani kwa mkulima wa Tarime. Nikaletewa chai ya maziwa. Nikauliza kahawa. Akasema, "Ile ni ya kuuza." Miaka zaidi ya ishirini ya kulima, hajawahi kuionja hata kijiko.

Nikaomba konzi mbili za buni na kikaango cha mandazi. Tukakaanga jikoni kwake, watoto wakikohoa. Tulitwanga kwenye kinu, tukachemsha, tukachuja kwa kitenge safi. Akanywa. Akaitema palepale kwenye jivu! "Chungu!" Nikamwomba aache ipoe. Tukaendelea na habari za ng'ombe. Baada ya robo saa akachukua tena, kimya kimya, akidhani sioni. Akageuza ulimi mdomoni. Akasema, "Kuna tunda humu." Tunda gani, mama? Akafikiri sana. "Zambarau. Zile za kando ya mto, ambazo hazijaiva vizuri." Mimi nilikuwa nimehangaika miezi mitatu kutafuta neno hilo.

Turudi kwa robusta yangu, nimalizie hesabu na Bukoba.

Nilisema robusta haijichavushi. Maana yake, kibanja cha zamani hakikuwa na mibuni miwili inayofanana. Kuna nganda, unaotandaza matawi chini kama kuku anayeatamia. Kuna unaosimama wima. Kuna wa punje ndogo tamu, kuna unaozaa sana na kujichosha. Bibi aliijua mmoja mmoja kwa tabia, kama anavyowajua wakwe zake. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia mnyauko fusari. Majani yananyong'onyea, yanadondoka, matunda yanaiva kwa uongo na kubaki yananing'inia kwenye mti uliokufa. Ukikwangua gome shinani unakuta weusi wenye ubuluu. Hakuna dawa ya kuuponya, unang'oa, unachoma. Baba alichoma mibuni ya mama yake mchana mmoja. Bibi hakutoka ndani.

Pale Maruku, kituo cha utafiti wa kahawa kilitafuta miti iliyostahimili, wakaizalisha kwa vikonyo, maana ukipanda mbegu ya robusta mtoto hafanani na mama. Wakatoa aina mpya, na majina yake yananifurahisha: Maruku 1, Bukoba 1, Muleba 1. Angalau huko jina la nyumbani limebaki. Na lazima uzipande kwa kuchanganya, la sivyo hazitachavushana.

Wale waonjaji wenye vijiko siku hizi wana karatasi ya alama ya robusta peke yake. Zamani waliipima kwa rula ya arabika, ni kama kumshindanisha sangara na sato kwa ulaini wa mifupa. Alama ni kati ya mia. Ikifika 80 inaingia kundi la kahawa maalumu. Nimekaa kwenye meza hizo. Gramu nane na kitu za unga, mililita 150 za maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, dakika nne, unapasua utando wa juu kwa kijiko na pua yako ikiwa palepale, kisha unafyonza kwa kishindo. Bibi angenipiga kofi kwa kelele ile. Nimeonja hapo robusta ya kijijini kwetu ikiwa na karanga za kukaanga, kakao, na ukoko wa mkate ulioungua kidogo, nzito mdomoni, ndefu kooni. Kijiji kilekile. Mti uleule.

Sasa tangawizi, mzee wangu.

Mimi ni mtu wa kijiwe. Kahawa ya birika juu ya jiko la mkaa, kikombe kidogo, kashata, na mjadala wa Simba na Yanga usio na mwisho: mtu akitaka kunifukuza huko atanikuta na fimbo. Tangawizi na iliki ni zetu, sitazisema vibaya. Ninachouliza ni hiki: unaiweka kwa sababu unaipenda, au kwa sababu bila hiyo kahawa yako hainyweki? Ninyi wauzaji mnajua jibu. Wengine mnakaanga mpaka iwe mkaa kwa sababu hiyo hiyo. Mkaa wa Muleba na mkaa wa Tarime ni mkaa tu.

Na yule kaka wa safu ya pili aliyeniuliza nani mjinga, jibu lake liko mikononi mwa watu waliokaa humu. Mwenye mgahawa akimwambia msambazaji, "Nataka ya Muleba, ya kichanja, na nataka kujua ya chama gani," na akaongeza shilingi kwa hilo, rundo moja linaanza kuwa mawili. Kuna daraja sasa pale Kigongo na Busisi. Magunia yanavuka bila kungoja kivuko. Sioni kwa nini jina lishindwe kuvuka nayo. Mimi mwenyewe msimu uliopita nilinunua kwa kaka huyu magunia manne kwa bei iliyozidi ya mizani. Manne si mengi. Bado ana deni la wavu.

Haya, chukueni vikombe. Vimepoa? Onjeni tena vyote vitatu. Sasa mnaruhusiwa kugeuza.

Doa jekundu ni arabika ya mama wa Tarime. Doa la buluu ni robusta ya Muleba, nyekundu tupu, kichanja. Kisicho na doa ni robusta ya Muleba pia, kijiji kilekile, mwezi uleule, iliyoanikwa chini.

Nyoosheni mkono kwa kile mlichokipenda mwanzoni: nyekundu kumi na tisa, buluu kumi na moja, kisicho na doa saba. Mmoja wa saba hao ni mzee wangu wa Mlango Mmoja. Mzee, simama. Kwa nini?

(Alisimama, akasema: "Kwa sababu hii ndiyo kahawa. Nimekunywa hii tangu Nyerere yupo Ikulu. Hizo nyingine ni juisi.")

Siwezi kumwambia amekosea. Ulimi ni wake, na miaka hiyo yote si mchezo. Ninamwomba kimoja tu, aionje hiyo hiyo sasa ikiwa baridi, mbele yetu.

(Alionja. Alikaa na ile kahawa mdomoni muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Mh." Akaweka kikombe chini, akavuta cha buluu, akanywa nusu, akatazama kitako chake tena kama anayehakiki noti. Kisha akaniuliza kama kwenye hicho anaruhusiwa kuweka tangawizi.)

Anaruhusiwa! Iko meza ya nyuma, pamoja na kashata. Mama wa Tarime na kaka wa Muleba watakaa pale mpaka saa mbili. Kaka muulizeni bei yeye mwenyewe, na mkiongea naye, msimpunje mkulima wangu wa magunia manne. Muacheni akalipe wavu kwanza.